Siku Nilipolikalia Daftari Jekundu

Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na baba yake. Wakubwa kwa wadogo humwita Kijiko, na lawama ni yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja alisimama nyuma ya kaunta ya duka letu la dawa, na kila aliyenunua dawa ya maji alionyeshwa kijiko cha plastiki chenye alama, akatiwa mkononi, akaambiwa: "Kipimo ni hiki. Kijiko cha chai ni mwongo, kila nyumba ina chake." Watu wakacheka, wakaiga sauti yake, mwisho jina likamganda.

Mimi ni keshia wa duka hilo. Nina kiti kirefu, droo ya pesa, na mdomo ambao mwenye duka anasema ungetozwa kodi, serikali ingekuwa tajiri. Mwenye duka ni mfamasia, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo, nasi tunamwita Mama. Kijiko alikuwa msaidizi wake. Dawa alizijua kuliko sala zake, lakini cheti chake kilikuwa cha miaka miwili tu, na sheria haimjui mtu kwa alichonacho kichwani.

Mama ana utaratibu mmoja usio na mjadala. Hakuna dawa inayotoka bila kusomwa na watu wawili. Mimi nashika karatasi ya daktari, Kijiko anashika chupa. Nasoma kilichoandikwa, anasoma kilicho kwenye chupa, tukilingana nasema "sawa", ndipo mteja analipa. Likitokea kosa, hata likikamatwa kabla mteja hajanyoosha mkono, linaandikwa kwenye daftari jekundu: kosa gani, la nani, limegunduliwaje. Hapigwi mtu faini wala hanuniwi. Ukilikosea daftari lenyewe, yaani usipoandika, hapo ndipo utamjua Mama.

Kwa miaka tisa jina langu lilikuwa halijaingia humo hata mara moja. Nilipenda kuwaambia wageni jambo hilo.

Mwaka huo Mama alituita akatuambia kwamba baada ya miaka mitano anapumzika. Duka litakwenda kwa mfamasia kamili, na asipopatikana linafungwa. Hakumtazama Kijiko aliposema hivyo, na ndiyo maana sote tulijua anamsema yeye. Kijiko akaomba vyuo viwili, na vyote viwili vikamkubali. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana ukinyimwa unalala, ukipewa viwili unakesha.

Gazeti moja hutoa kila mwaka orodha ya vyuo vya ufamasia, kutoka cha kwanza hadi cha tisa. Vyuo vyake vilikuwa cha kwanza na cha tisa. Kijiko aliikata orodha ile akaibandika ndani ya kabati la dawa za kikohozi, na kila alipofungua kabati aliitazama. Cha Kwanza kina maabara kumi na mbili na bustani yenye chemchemi. Hospitali kubwa huajiri kutoka kwake bila kuuliza mengi. Ada yake ya muhula mmoja inameza mshahara wa Kijiko wa mwaka na kubaki na njaa. Cha Tisa kiko nyuma ya soko la mbao, kina maabara mbili, wanafunzi hupanga foleni kwa ajili ya mizani, na ada yake ni theluthi ya ile nyingine. Cha Tisa pia hutuma vijana wagawe vipeperushi sokoni. Baba yake Kijiko alipopewa kimoja alikikunja akakitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikicheza.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema, na kwake mjadala ukaisha.

Mzee huyo alifanya kazi reli miaka thelathini, akibadilisha njia za treni stesheni, na tangu mke wake afariki alikuwa na binti huyo tu wa kujivunia. Alikuwa ameshawaambia kinyozi, fundi saa na msikiti mzima kwamba binti yake anakwenda Cha Kwanza.

Mlango wa kuingilia huko ulikuwa mmoja. Cha Kwanza kilitoa punguzo la nusu ada kwa wanaofanya kazi kwenye maduka ya dawa, kwa sharti kwamba mwajiri athibitishe kwa sahihi na muhuri kuwa mwombaji hana kosa lolote la utoaji dawa lililoandikwa katika miezi kumi na miwili. Kosa la mwisho la Kijiko kwenye daftari jekundu lilikuwa na miezi kumi na minne. Kwa punguzo hilo, akiba yake na pensheni ya mzee, ingewezekana kwa kujibana mpaka mbavu zilie. Bila punguzo, isingewezekana hata tungeuza viti. Fomu ilitakiwa kufika chuoni Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Jumatano wakati wa chakula nikamkuta Kijiko amelifungua daftari jekundu, anarudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Dukani kwetu huja wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka vyuo mbalimbali, na alikuwa akiwatafuta wa Cha Kwanza na wa Cha Tisa.

"Gazeti limehesabu maabara," akaniambia. "Mimi nahesabu makosa."

Nikachungulia karatasi yake. Wa Cha Tisa walikuwa na makosa mara tatu ya wenzao. Nikapiga kofi. "Basi mdogo wangu, hata daftari limesema. Nenda Cha Kwanza tukapumzike."

"Tazama mwandiko, dada."

Nikatazama. Makosa ya wanafunzi wa Cha Tisa yalikuwa yameandikwa na wao wenyewe, kwa miandiko yao mibaya: nilichukua chupa ya jirani, nilisoma mbili nikaona tatu. Makosa machache ya wanafunzi wa Cha Kwanza yote yalikuwa yameandikwa na Mama au na Kijiko. Hakuna hata moja waliloliandika wenyewe.

"Yule mrefu wa mwaka juzi aliniambia," Kijiko akasema. "Kwao kila kosa likiandikwa wanakatwa alama. Cha Tisa unapewa alama kwa kuandika."

"Kwa hiyo unakwenda Cha Tisa?"

Akacheka kwa uchovu. "Nani ataniajiri kwa mwandiko wangu? Watu wanasoma orodha. Nakwenda Cha Kwanza. Nilitaka tu kujua ninachokwenda kukinunua."

Alhamisi Mama alikuwa na mkutano na wakaguzi, akaondoka asubuhi akisema atarudi saa tisa kusaini fomu. Tukabaki wawili. Saa nne akaja bibi mmoja tunayemfahamu, analea mjukuu wa miaka minne mwenye kifafa. Dawa ya mtoto ilikuwa imeisha tangu jana. "Leo asubuhi hajanywa," akasema, "kwa hiyo nikifika tu nampa."

Dawa ile ni ya maji, na huja kwa nguvu mbili. Ya watoto ina mstari wa kijani kwenye boksi. Nyingine ina mstari wa rangi ya chungwa, na ni kali mara nne. Kampuni ni ileile, boksi lileile, maandishi yaleyale. Aliyebuni maboksi hayo sijui alikuwa anaokoa wino au alikuwa anatutega.

Kijiko alikuwa anaifuata rafuni simu yake ilipolia. Alikuwa baba yake. Akaishikilia kwa bega, akawa anajibu, "Ndiyo baba. Leo saa tisa. Ndiyo, na muhuri." Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimetega masikio nijue mzee anasema nini. Kijiko akainua chupa. Karatasi ya daktari ilikuwa mkononi mwangu. Sikuisoma. Alisogeza midomo, akanitazama, nami nikasema "sawa."

Bibi akalipa, akaenda zake.

Saa tano na nusu nikawa napanga rafu hiyo. Asubuhi chupa za chungwa zilikuwa nne na za kijani tano, maana mimi ndiye huzihesabu nikifungua. Sasa za kijani zilikuwa tano, na za chungwa zilikuwa tatu. Nikahesabu tena. Nikazihesabu kwa kuzigusa moja moja kama mtoto wa chekechea.

Nakiri jambo ambalo sijawahi kumwambia Kijiko. Nilisimama pale kwa muda wa kuweza kunywa glasi ya maji, nikifikiria kwamba hakuna anayejua. Kisha nikamwona yule mtoto akilini, na kiatu chake kimoja ambacho huwa kimefunguka kamba, nikaita.

Kijiko alitazama rafu mara moja tu. Hakuuliza kosa ni la nani wala lilikuwaje. Alipiga namba iliyo kwenye karatasi, ambayo ni ya baba wa mtoto, na simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akachukua chupa ya kijani na kutoka na koti lake jeupe, sandali moja ikamponyoka mlangoni akairudia, nikamwona anapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. Bibi anaishi nyuma ya karakana ya matofali, nusu saa kwa miguu. Alikuwa ameondoka saa moja na nusu iliyopita.

Nikabaki peke yangu. Wateja walikuja nikawaambia wasubiri, mmoja akanitukana nikamwitikia "ahsante." Nilipaswa kumpigia Mama. Niliishika simu, nikaiweka. Nikaipiga tena namba ya baba wa mtoto kutoka kwenye karatasi, ikaita, ikakata. Karatasi ya daktari ilikuwa bado iko kwenye msumari wake, na sasa niliisoma, herufi kwa herufi. Mwandiko wa daktari ulikuwa mzuri. Hata sababu ya kujitetea sikupewa.

Saa saba kasoro robo Kijiko akaingia, koti limejaa vumbi jekundu, na chupa ya chungwa mkononi. Muhuri wa kizibo chake ulikuwa haujakatwa.

Akaketi chini, sakafuni, nyuma ya kaunta. "Hajampa," akasema.

Nikaketi naye.

"Nimemkuta mlangoni anafunga kanga, anataka kurudi huku. Amekasirika kweli. Ananiambia, mwanangu, leo hukunipa kijiko, na cha zamani kimevunjika. Amesubiri kwanza jirani aliye na kijiko cha kupimia arudi, hakurudi. Mtoto analia, yeye hampi. Ananiambia, si wewe mwenyewe ulisema kijiko cha chai ni mwongo?"

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kusahau kijiko. Siku hiyo alisahau, na kusahau huko ndiko kulikomwokoa mtoto. Nilicheka, kisha nikaona ninalia.

"Ulimwambia?" nikauliza.

"Nilimwambia. Nilimwonyesha mstari wa kijani na wa chungwa. Kisha akaniambia nikaribie, nimpe mtoto dawa kwa mkono wangu mwenyewe, yeye akiangalia."

Nikajipangusa uso. "Basi Mwenyezi ametusitiri. Yaliyopita si ndwele. Nawa mikono, Mama anakuja."

Kijiko akasimama, akaenda kwenye droo ya daftari jekundu. Droo ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeliwahi yeye hayupo. Lilikuwa juu ya kiti changu kirefu; nikapanda, nikalikalia.

Najua ni upuuzi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu. Lakini nilikuwa nimeiona fomu ile, na niliona miaka yote ya yule binti akisimama mpaka miguu ikavimba, na mzee wake aliyekwishatangaza kwa kinyozi.

"Dada, simama."

"Sisimami. Mtoto kameza nini? Hakumeza kitu. Kosa liko wapi?"

"Dada."

"Acha Mama asaini fomu kwanza. Kesho saa saba andika unavyotaka, andika kitabu kizima. Siku moja tu, mdogo wangu. Nani anadhurika kwa siku moja?"

Hakunivuta wala hakupandisha sauti. Aliegemea kaunta mbele yangu akaniuliza, "Jana tulipotazama miandiko, uliwaonaje wale wa Cha Kwanza?"

Tulikaa hivyo, mimi juu ya daftari na yeye mbele yangu, mpaka kengele ya mlango ikalia na Mama akaingia, mapema kuliko alivyosema, na mfuko wake, ameshika muhuri mkononi.

Mama hutazama chumba kama anavyotazama lebo. Aliona vumbi kwenye koti, akaona chupa ya chungwa juu ya kaunta, akaniona mimi nilivyokaa kombo. "Nipe daftari," akasema. "Siwezi kuthibitisha bila kulipitia."

Nikashuka. Lilikuwa limepata joto, aibu iliyoje. Kabla Mama hajalifikia, Kijiko alilichukua, akafungua ukurasa, akaandika akiwa amesimama. Sauti ya kalamu yake ilisikika duka zima. Alipomaliza aligeuza daftari likamtazama Mama, na fomu akaiweka kando yake.

Mama alisoma mara mbili. Akavua miwani. Uso wake ulizeeka mbele yetu.

"Ungeweza kuniambia kesho," akasema kwa sauti ndogo.

Sikuamini masikio yangu. Huyu ndiye Mama wa daftari. Lakini alimpenda yule binti, na mapenzi humtoa mtu kwenye sheria zake mwenyewe.

"Kesho ningekuwa nimeshajifunza kunyamaza, Mama," Kijiko akasema. "Na ningekuwa nimejifunza kwa nusu bei."

Mama akairudisha fomu kwenye bahasha yake bila kuisaini. Muhuri akautia mfukoni. Kisha akageuka kwangu. "Msomaji wa pili alikuwa nani?"

Swali hilo halikuhitaji jibu, maana msomaji wa pili ni mimi tu. Kijiko alikuwa ameandika: nilichukua chupa ya chungwa badala ya kijani, nilikuwa nazungumza na simu. Jina langu hakuliweka. Alikuwa ameacha mstari mmoja mtupu chini yake, na kalamu ilikuwa imelala pale. Nikaichukua. Niliandika: nilisema sawa bila kusoma. Ule mstari wangu mpaka leo ndio wenye mwandiko mbaya kuliko yote kwenye ukurasa.

Jioni nilimsindikiza kwa baba yake, nikidhani atahitaji mtu wa kusimama katikati. Mzee alisikiliza yote ameketi kwenye ile meza iliyotengemaa kwa kipeperushi. Tulipomaliza aliuliza, "Mtoto mzima?" Kijiko akamwambia mzima.

"Mwaka wa saba kazini," mzee akasema, "niliacha njia wazi kwa upande usio wake. Treni ya abiria ilikuwa imechelewa dakika sita. Dakika ya tano nikakumbuka, nikakimbia, nikarudisha. Hakuna aliyeona. Sikumwambia mtu, hata mama yako." Alikuwa akitazama mikono yake. "Miaka ishirini na tatu niliyobaki pale, kila treni ikipita nilihesabu dakika. Hata sasa nikiisikia usiku nahesabu."

Akainama, akakivuta kipeperushi chini ya mguu wa meza. Meza ikayumba. Alikikunjua, akakinyoosha kwa kiganja, akampa binti yake.

"Kaniulizie hawa wana mabweni au utakaa wapi," akasema.

Ijumaa, kabla ya saa sita, Kijiko alikuwa nyuma ya soko la mbao, kwenye foleni ya Cha Tisa. Kinyozi alicheka wiki nzima. Mzee alimwambia acheke taratibu, ana wembe mkononi.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Amesema mizani bado wanapanga foleni, na mwalimu mmoja hufundisha masomo matatu. Sitawadanganya kwamba Cha Tisa kimegeuka Cha Kwanza. Mwaka huu pia kimekuwa cha tisa.

Yule bibi huja kila mwezi. Mara ya kwanza baada ya siku ile nilidhani atahamia duka lingine, lakini alikuja, akasimama mbele yangu badala ya kusimama mbele ya Mama. Mtoto alikuwa naye, kamba ya kiatu imefunguka. Nilianza kusoma karatasi ya daktari, Mama akasoma chupa. Nilipofika kwenye "sawa", bibi akainua mkono.

"Soma tena," akasema. "Kwa sauti."

Nikasoma tena. Na nikiwa nasoma, nilijaribu kukumbuka katika miaka yangu tisa safi ni mara ngapi nilisema "sawa" nikiwa natazama dirishani, au nasikiliza umbea, au nahesabu chenji. Nilijaribu kwa dhati. Sikuweza kujua hata idadi ya kukisia, na hakuna popote palipoandikwa.